Sikio la Wakili: Sanaa ya Uigizaji katika Darasa la Sheria

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuwa miongoni mwa watazamaji wa mahakama ya mazoezi katika chuo kimoja. Ukumbi ulijaa. Majaji watatu walikuwa walimu, mawakili wa pande zote mbili walikuwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na mashahidi waliazimwa kutoka madarasa ya chini. Kesi yenyewe ilihusu kiwanja: bibi mmoja anadai hakukiuza, na aliyekishika anaonyesha hati ya mauzo. Aliyenivutia tangu mwanzo ni kijana aliyemwakilisha mdai. Alikuwa na sauti iliyoshiba. Alijua kuitupa hadi viti vya nyuma, akajua kuishusha pale alipotaka sote tuiname kumsikia, na mkono wake ulipaa na kutua kama mkono wa khatibu. Baadaye niliambiwa kuwa wanafunzi wale walikuwa wamepitishwa katika mafunzo ya uigizaji kwa majuma kadhaa, na ilionekana.

Ulipofika wakati wa maswali ya dodoso, kijana yule alimwuliza shahidi wa upande wa pili iwapo alikuwapo siku hati ilipotiwa saini. Shahidi, ambaye nadhani aliyasahau maneno aliyoandikiwa, alijibu kuwa alikuwapo, na akaongeza kwamba walimulika kwa kurunzi ili muuzaji aone pa kutia dole gumba. Ilhali hati ile ile, iliyosomwa mbele yetu nusu saa kabla, ilisema kuwa imetiwa saini ofisini saa nne za asubuhi. Jawabu lile lilikuwa ni kesi nzima. Lakini kijana alikuwa ameshashusha macho kwenye karatasi kutafuta swali linalofuata, na akaliuliza kwa sauti ile ile nzuri. Kurunzi ikapita, haikurudi tena. Mwisho wa shughuli ukumbi ulimpigia makofi, naye akatangazwa kuwa msemaji bora. Mzee mmoja aliyekaa ubavuni mwangu, karani wa mahakama aliyestaafu, alinigeukia akaniambia kwa upole: “Kasema vizuri mno, bwana. Ila hakusikia.”

Makala haya hayakusudii kumhukumu kijana yule, ambaye pengine leo ni wakili hodari. Linalohitaji kutiwa katika mizani ni yale mafunzo aliyopewa. Mintarafu ya kutumia stadi za uigizaji kuwafundishia wanafunzi wa sheria, maoni yanayosikika ni ya makundi mawili. Wako wanaoyakataa mafunzo haya kabisa. Kwao uigizaji ni kujifanya, na kujifanya ni jirani wa uongo. Mahakama ni mahali pa kiapo, na haipendezi mtu aliyefunzwa kulia bila ya huzuni apewe nafasi pale panapotafutwa kweli. Wako na wanaoyashabikia. Hao wamechoshwa na wahitimu wanaokijua kila kifungu lakini wakisimama mbele ya hakimu ulimi huwaganda. Humwita mtu wa jukwaani awafundishe vijana kupumua, kutoa sauti, kutumia macho na mikono.

Nadai kuwa makundi haya, ingawa yanapingana, yamekutana katika kosa moja. Yote mawili yanaamini kuwa uigizaji ni sanaa ya kujionyesha. Moja linachukia maonyesho, jingine linayapenda. Hoja ya makala haya ni kwamba uigizaji, unapofundishwa kwa ukamilifu wake, ni sanaa ya kusikiliza kabla ya kuwa sanaa ya kusema. Darasa la sheria linalochukua sauti ya mwigizaji na kuliacha sikio lake limebeba makapi na kuuacha mchele uwanjani.

Shaka hii ni kongwe. Wayunani walikuwa na neno moja, hupokrisis, lililomaanisha uigizaji wa jukwaani na pia namna msemaji anavyoitoa hotuba yake. Na ni katika ukoo wa neno hilo ndimo lugha za Ulaya zilimopata jina la mnafiki. Inasimuliwa kuwa Demosthenes, msemaji mkubwa wa Athens katika karne ya 4 kabla ya Masihi, aliulizwa ni jambo gani la kwanza katika usemaji, akalitaja neno hilo. Akaulizwa la pili na la tatu, akarudia lilo hilo. Kisa hicho hupendwa sana na walimu wa sauti. Kisa cha pili, anachokisimulia Plutarch, hakitajwi mara nyingi kiasi hicho. Demosthenes, akiwa bado kijana na amevunjwa moyo na hadhira, alikutana na mwigizaji aitwaye Satyrus. Huyu alimtaka asome kifungu cha tamthilia. Demosthenes akasoma. Kisha Satyrus akakisema kifungu kile kile kwa tabia na hali ya yule mhusika mwenyewe, na Demosthenes akahisi kama anasikia maneno mengine kabisa. Tukikitazama vizuri, kisa hiki hakihusu ukubwa wa sauti. Satyrus alimwonyesha kuwa maneno yana mwenyewe, na asiyemjua mwenye maneno hawezi kuyasema.

Warumi nao waliipokea sanaa hii huku mkono mmoja wakiuweka nyuma. Cicero alijifunza kwa Roscius, mwigizaji aliyekuwa hana mfano wakati wake, na baadaye akasimama kumtetea katika daawa ya mali. Sehemu ya hotuba ile imebaki hadi leo. Quintilian, aliyeandika katika karne ya 1 baada ya Masihi, alikubali kuwa kijana anayeandaliwa kuwa msemaji apitie kwa mwalimu wa vichekesho ili asahihishwe matamshi na uso, lakini akaonya kuwa si kila kitendo cha jukwaani kinamfaa msemaji. Huko London, vyama vya wanasheria ambamo vijana walijifunza kwa kujibizana kesi za kubuni ndivyo pia vilivyokuwa vikiialika michezo ya kuigiza: tamthilia ya Shakespeare iitwayo The Comedy of Errors ilichezwa Gray's Inn mwezi wa Desemba 1594, na Twelfth Night ilichezwa Middle Temple tarehe 2 Februari 1602. Ujirani wa wakili na mwigizaji basi si uzushi wa zama zetu. Kinachobadilika ni kile anachokwenda kuazima mmoja kwa mwenzake.

Katika karne ya 20 aliyeubadilisha ufundishaji wa uigizaji kuliko wote ni Mrusi Konstantin Stanislavski, aliyezaliwa 1863 na kufa 1938, mmoja wa waanzilishi wawili wa Moscow Art Theatre ya mwaka 1898. Nachagua nguzo tatu tu za mafunzo yake. Ya kwanza ni mazingira: kabla mwigizaji hajatamka neno, sharti ajue mhusika katoka wapi, ni saa ngapi, kuna joto au baridi, ana deni kwa nani, nyumbani kamwacha nani. Ya pili ni lile neno dogo ambalo Kiswahili kinalisema vizuri kuliko lugha nyingi: lau. Mwigizaji haambiwi aamini kuwa yeye ndiye mfalme. Anaambiwa ajiulize, lau ningekuwa mimi katika hali hii, ningefanya nini? Ya tatu ni lengo: katika kila kifungu cha mazungumzo mhusika anataka kitu kutoka kwa mwenzake, na kila neno lake ni njia ya kukifikia.

Nguzo hizi zikiletwa darasani mwa sheria, zinageuka kuwa kazi ya uwakili yenyewe. Mazingira ni jalada la kesi lililosomwa kwa makini, pamoja na mambo ambayo jalada halikuyaandika. Lau ndilo swali analopaswa kujiuliza wakili kuhusu mteja wake, na kuhusu hasimu wa mteja wake vilevile. Lengo ndilo linalotofautisha maswali ya dodoso yaliyopangwa na maswali yaliyotawanyika kama kuku waliofunguliwa. Na yote matatu hayafanyi kazi bila ya usikivu, kwa kuwa mwenzako jukwaani hubadilika kila usiku, na shahidi kizimbani hubadilika kila dakika. Mwalimu wa Kimarekani Sanford Meisner, aliyefundisha kwa miaka mingi New York hadi karibu na kifo chake 1997, alikuwa na zoezi mashuhuri: waigizaji wawili huketi wakitazamana, mmoja anasema jambo analoliona kwa mwenzake, na mwenzake analirudia hilo hilo, huyu tena, yule tena, mpaka neno lenyewe lianze kubadilika kwa sababu mmoja wao amebadilika. Zoezi hilo humchosha mno mwenye kupenda kusikia sauti yake. Humfaa mno atakayesimama siku moja mbele ya shahidi aliyeropoka kuhusu kurunzi.

Wanasheria wenyewe walilijua hili. Marekani, ambako taasisi ya kitaifa ya kuwafunza mawakili wa mahakamani kwa vitendo iliundwa mwaka 1971, alikuwako mwalimu Irving Younger, aliyesifika kwa zile amri zake kumi za maswali ya dodoso. Nyingi kati ya hizo hukaririwa na kila mwanafunzi: uliza kwa ufupi, usigombane na shahidi, usiulize usilolijua jawabu lake. Ya tano husahauliwa, nayo ni kusikiliza jawabu.

Sasa natuingie katika maandishi tunayoweza kuyashika wenyewe kwa lugha yetu. Mwalimu Nyerere, ambaye hakuwa mwanasheria wala mwigizaji, alitupa mwaka 1969 tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi. Sijui kitabu kingine kwa Kiswahili kinachofaa zaidi kuwekwa mezani siku mwigizaji na mwalimu wa sheria wanapokutana, kwa sababu onyesho la kesi katika sehemu ya nne limebeba manufaa na hatari zote za mafunzo haya kwa pamoja. Antonio amekopa ducati 3,000 kwa Shylock kwa ajili ya rafiki yake Bassanio, kwa muda wa miezi mitatu. Dhamana ni ratili moja ya nyama ya mwili wake. Muda umepita. Mbele ya mtawala wa Venisi anaingia kijana mwanasheria mwenye barua ya kumtambulisha, naye si kijana wala si mwanasheria: ni Portia, mke mpya wa Bassanio, aliyejibadili mavazi. Yaani wakili mashuhuri kuliko wote katika fasihi ya Ulaya ni mwigizaji anayemwigiza wakili.

Desturi ya madarasa ni kumpa mwanafunzi mwenye sauti nzuri nafasi ya Portia, ayaseme yale maneno ya huruma, na wenzake wakae kusikiliza. Huko ni kuonja sukari iliyo juu ya andazi. Mwongozaji wa maigizo angeanza kwingine. Angemwambia mwanafunzi wa Portia: una lengo gani kabla ya kufika kwenye hila ya damu? Soma tena. Portia anamtaka Shylock arehemu; anakataliwa. Fedha zinatolewa maradufu, anakataa. Portia anamwuliza kama ameweka tabibu karibu asije mtu akafa kwa kuvuja damu. Shylock anataka aonyeshwe hilo limeandikwa wapi katika hati. Kila swali ni mlango anaofunguliwa mdai apite atoke salama, na kila mara anaufunga kwa mkono wake mwenyewe. Na ni yeye Shylock anayempa Portia silaha, kwa kushikilia kwamba lisiloandikwa halipo. Portia alimsikia. Hati inataja nyama, haitaji damu. Mwanafunzi aliyeyahifadhi maneno ya Portia hataliona hilo. Atakayesikiliza maneno ya Shylock ndiye atakayeliona.

Kisha mwongozaji angewabadilisha nafasi, na hapo somo zito linaanza. Mpe yule msemaji bora nafasi ya Shylock. Mwache asimame nje ya mlango, kwa kuwa ndivyo onyesho linavyoanza: mtawala, ambaye ndiye hakimu, anamwambia Antonio kuwa anamwonea huruma na anamtaja mdai kwa ubaya, na mdai mwenyewe bado hajaingia. Mwanafunzi aliyesimama nje ya mlango ule akiyasikia hayo hatahitaji mhadhara juu ya hakimu asiyeegemea upande. Atakuwa ameupata ubaridi wake mgongoni. Aingie, ashinde, ashindwe. Aambiwe kuwa nusu ya mali yake inakwenda kwa adui yake na nusu kwa dola. Aambiwe kuwa abadili dini yake. Aulizwe kama ameridhia, na ajibu kuwa ameridhia. Halafu aombe ruhusa ya kuondoka kwa sababu hajisikii vizuri. Atoke, na darasa likae kimya mpaka mlango ufungwe. Katika kimya hicho mtu anajua hukumu ni nini kuliko katika makofi yoyote.

Mwanasheria wa Kijerumani Rudolf von Jhering aliliona hilo mwaka 1872, katika kijitabu chake cha kupigania haki, aliposema kuwa Shylock alidhulumiwa. Kwa maoni yake hati ile ilikuwa batili tangu mwanzo kwa kuwa ilikwenda kinyume na maadili. Lakini mahakama ikishakubali kuwa ni halali, kuikwepa kwa hila ya damu ni ujanja usioifaa haki. Mjerumani mwenzake Josef Kohler alimpinga miaka 11 baadaye. Mjadala wao ni mjadala wa wasomaji wawili waliokubali kumsikiliza mhusika ambaye ukumbi mzima ulishamzomea. Naye Nyerere, kwa neno moja la jalada, alitoa hukumu yake: mfanyabiashara mmoja wa jina la Kiingereza akamfanya mabepari, kwa wingi. Yaani aliwaweka kizimbani wote, mkopeshaji na mkopaji. Mwanafunzi wa sheria aulizwe kama anakubaliana na hukumu hiyo, na aseme kwa nini.

Huenda msomaji akasema haya ni mambo ya fasihi, na mtihani wa sheria una njia zake. Basi natutazame mtihani. Katika udaktari, Howard Barrows alianza mwaka 1963, huko California, kuwafunza watu wenye afya waigize wagonjwa ili wanafunzi wapimwe kwao. Katika miaka ya 2000 walimu wa Glasgow, Scotland, wakiwa pamoja na wenzao wa Marekani, waliuhamishia mpango huo kwenye sheria: watu wa kawaida walifunzwa kuigiza wateja, na baada ya mazungumzo wao ndio waliotoa alama. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2006, yalionyesha kuwa alama za wateja hao zilistahili kutegemewa. Na tangu 2021, England na Wales zilipoanzisha mitihani mipya ya kuwasajili mawakili, mtahiniwa katika sehemu ya pili humhoji mteja wa kuigizwa, na aliyekaa katika kiti cha mteja ndiye anayempima. Hapo hapimwi ujuzi wake wa sheria. Hupimwa stadi zake za kukaa na mtu mwenye shida.

Naomba msomaji alizingatie jambo hilo. Kwetu mwigizaji ameletwa darasani ili amfundishe wakili kusema. Kule amepewa kiti cha mwenye shida, na kalamu ya alama imo mkononi mwake. Wakili anayejinata atapata alama chache kwa mteja aliyekatizwa maneno.

Na je, sisi tunahitaji kuliazima sikio hili kutoka Moscow na Glasgow? Nadhani tunalo, tumeliweka darini. Ushairi wetu wa kujibizana hauwezekani bila ya kusikiliza. Anayemjibu mwenzake hulazimika kuipokea bahari yake, kuzihesabu mizani zake, na mara nyingi kuvifuata vina vyake. Huwezi kuyajibu usiyoyapima. Katika karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana mashairi wakati miji yao ikiwa katika uhasama, na hata katika uhasama ule kila mmoja ilimbidi ayaweke maneno ya hasimu wake mbele yake kabla ya kuyavunja. Hayo ndiyo maswali ya dodoso kwa vina. Mghani naye anajua kuwa shairi analolighani si lake; asipojua ni nani anayelia ndani ya shairi, sauti yake nzuri italiua. Mwalimu wa sheria aliyekosa mwigizaji wa kumwalika na amwalike mghani na wajibizanaji wawili, awape wanafunzi hoja moja, na kila mmoja asiruhusiwe kujibu mpaka airudie hoja ya mwenzake kwa namna ambayo mwenyewe ataikiri.

Haja yake ni kubwa zaidi leo. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, baada ya miongo mingi ambapo Kiswahili kilitamalaki katika mahakama za mwanzo na Kiingereza kikabaki juu. Mabadiliko hayo yanampa mdaawa nafasi ya kuelewa linalosemwa juu yake. Hayampi moja kwa moja nafasi ya kueleweka. Mtu wetu akieleza shauri lake haanzi na tarehe na kifungu. Anaanza na marehemu baba yake, anapitia harusi ya dada, anafika kwenye mnazi uliokatwa, ndipo kiwanja kitajwe. Mtafiti Susan Hirsch, katika kitabu chake cha mwaka 1998 juu ya mahakama za Kadhi za pwani ya Kenya, alionyesha kuwa wanaume aghalabu hutamka, ilhali wanawake husimulia. Na wanawake hao, pamoja na kulaumiwa kwa kuyatoa nje mambo ya nyumbani, mara nyingi walishinda mashauri yao. Palipo na msikilizaji, masimulizi yana nguvu. Wakili anayekimbilia swali lake linalofuata angewakatiza kwenye harusi ya dada, na huenda shahidi wa kiwanja alikuwapo kwenye harusi hiyo.

Wanaoyakataa mafunzo haya nao wana haki yao, na si uadilifu kuwaacha bila ya jawabu. Hatari ipo, nayo inapokaa panajulikana. Sanaa ya mwigizaji ibaki kwa wakili. Isivuke ikafika kwa shahidi. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ya England na Wales, katika kesi ya Momodou, iliweka mpaka huo bayana kwa mashauri ya jinai: shahidi anaweza kuzoeshwa mahali na utaratibu, aambiwe nani atakaa wapi na atasimama lini, lakini asifunzwe ushahidi wake. Shahidi aliyefanyishwa mazoezi amekuwa mwigizaji aliyeapishwa, na hapo lawama ya unafiki inastahili. Kwa wakili, mpaka ni kukumbuka kwamba lile lau ni la kuelewa. Akishamwelewa mteja kwa kukaa mahali pake, arudi mahali pake mwenyewe na aseme kwa jina lake. Wakili anayelia machozi ya mteja amemwibia mteja machozi.

Na iko hatari ya pili ambayo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Makofi ni mwalimu mwenye nguvu kuliko mwalimu aliyeajiriwa. Msema pweke hakosi, na jukwaa la mashindano humfanya kijana aamini kuwa yuko peke yake. Mashindano ya mahakama za mazoezi yana tuzo ya msemaji bora; sijabahatika kushuhudia tuzo ya msikilizaji bora. Ningependa niione. Majaji wapewe orodha ya majibu ambayo mashahidi wameelekezwa kuyadondosha bila ya kuombwa, dogo moja hapa, dogo moja pale, na alama za juu ziende kwa aliyeyaokota. Hata ikibidi anyamaze kwanza. Hata ikibidi aiweke chini karatasi yake mbele ya ukumbi mzima, atafute maneno, na sauti imkwame kidogo.

Bibi wa kiwanja katika kesi ile alikuwa wa kubuni, na binti aliyeiigiza nafasi yake alikunja mtandio akaenda zake kunywa chai. Wa kweli wapo, wanakaa kwenye mabenchi ya mahakama wakisubiri kuitwa. Hao hawatauliza wakili wao alipata tuzo gani chuoni. Watakachohitaji ni kwamba siku shahidi atakapoitaja kurunzi, awepo mtu wa kumwambia: hebu rudia hapo, ndugu shahidi, mlimulika kwa nini?